Mwanamume Kwenye Mkeka wa Wazazi

Mwaka jana nilikuwa soko la Mwanjelwa na mjukuu wangu Neema, tunachagua maharage, mara nikasikia mtu nyuma yangu anaita, "Pipa! We Pipa, simama hapo hapo!" Nilijua ni nani kabla sijageuka, maana aliyebaki duniani anayeniita jina hilo ni mmoja tu. Lazaro alikuwa anakuja na mkongojo wake, kofia imemlalia sikioni kama ilivyomlalia ujanani, watu wa mikokoteni wanampisha huku wananung'unika. Tuliamkiana kwa Kinyakyusa, ile salamu ndefu ya kuulizana ng'ombe, migomba na watoto mmoja mmoja, kisha tukatazamana na kuanza kucheka bila sababu, mpaka muuza maharage akaacha kupima. Neema alinikagua kuanzia kichwani hadi miguuni. Mimi ni mzee mwembamba, mkanda wangu umeongezwa matundu kwa msumari. "Babu," akamwuliza Lazaro, "huyu unamwita Pipa kwa nini?" Lazaro akajibu bila hata kukohoa: "Kwa sababu alikuwa pipa, mama. Kisha akaenda Iringa, akalala mkeka mmoja na wanawake waliotoka kujifungua, akarudi hivi unavyomwona." Neema akaziba mdomo. Muuza maharage akasogeza kigoda chake karibu. Nilijaribu kueleza palepale sokoni, lakini habari ile haielezeki mtu akiwa ameshika gunia, kwa hiyo nimeona niiandike nikiwa nimekaa.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini, na mimi nilikuwa kijana wa umri wa kuoa ambaye hajaoa. Nilikuwa msaidizi wa jikoni katika hoteli moja ya wasafiri pale Mbeya mjini, na jiko lile ndilo lililonifanya pipa. Wasafiri walikuwa wanafika wamechoka na vumbi la barabara, wanakula nusu, wanalala. Nusu iliyobaki ilirudi kwangu. Bwana Salehe, mpishi mkuu, mtu wa Tanga, hakupenda chakula kitupwe, alikuwa anasimama mlangoni mikono kiunoni na kusema, "Malizia, mwanangu, chakula kina machozi." Nikamalizia viazi vya kukaanga, nikamalizia mchuzi wa kondoo, nikamalizia wali wa Rujewa uliokuwa unanukia mpaka uani. Siku hizi vijana wangu wakiona mtu mnene wanamtajia hospitali. Wakati ule unene ulikuwa sifa. Wazee waliniamkia mimi kabla sijawaamkia, wakidhani nina mali. Na pale kanisani kwetu Iyunga, Mwalimu Asajile, kiongozi wa bendi ya tarumbeta, alinichagua kupuliza besi, lile tarumbeta kubwa kuliko yote linalomzunguka mtu kama chatu, na hakunichagua kwa sababu ya masikio. Alinichagua kwa kiuno. "Wewe," alisema, "una mahali pa kuliegemeza." Nilipenda besi lile kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho. Nikilipuliza, vioo vya madirisha vilitetemeka na akina mama kwenye mabenchi ya mbele walishika vitambaa vyao vya kichwa.

Mwanzoni mwa mwaka mmoja, mwenye hoteli alinituma Iringa nikasaidie jikoni kwa ndugu yake kwa majuma machache. Sikumaliza hata juma la pili. Homa ya matumbo ilinikamata nikiwa nakoroga mchuzi, na kitu cha mwisho ninachokumbuka ni mwiko ukielea. Nilipopata akili sawasawa, nilikuwa kwenye kitanda cha chuma katika hospitali ya misheni nje kidogo ya mji, mahindi yaliyokuwa magotini nilipofika yamekwisha kuchanua, na mwili wangu haukuwepo. Sijui niseme vipi ili nieleweke. Mimi nilikuwepo, lakini lile pipa lilikuwa limekwenda. Kilichobaki ni ngozi. Ilikuwa imening'inia tumboni kama kiroba kilichomwagwa unga, ikikunjamana mapajani, ikilegea mikononi. Nikijigeuza kitandani, mimi nilitangulia na ngozi ikanifuata baadaye. Siku moja wanawake wawili waliokuja kumtazama mgonjwa wa kitanda cha jirani walidhani nimelala. Mmoja akamnong'oneza mwenzake kwa huruma kabisa, "Huyu kijana maskini, ni kama amevaa ngozi ya kaka yake." Nilikaa nimefumba macho mpaka wakaondoka. Nilitaka kulia, lakini yale maneno yalikuwa yamepatia mno, na nikajikuta nacheka. Hapo ndipo nilipogundua kwamba hata kucheka siwezi. Tumbo halikuwa na kitu cha kuchekea. Sauti ilitoka kama ya mtu anayepuliza vumbi kitabuni.

Hilo ndilo lililoniogofya. Ngozi ingefichwa na shati, lakini kukosa pumzi ningekuficha na nini? Nikaomba chupa tupu kwa mhudumu, nikaipuliza mdomoni, kama watoto wanavyofanya. Haikulia. Nikajaribu kuinuka kitandani bila kushika chuma, nikashindwa; nilikuwa kama kobe aliyepinduliwa. Kisha dereva mmoja wa lori kutoka kwetu akapita kunisalimia, akaniletea ndizi mbivu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda kunipa habari za nyumbani. Fulani kaoa, fulani kaenda kwenye migodi ya shaba Rhodesia, mvua ilikuwa nzuri. "Na besi yenu," akasema huku akimenya ndizi, "siku hizi anapuliza Lazaro." Lazaro! Lazaro rafiki yangu alikuwa mfupi, mwembamba, kifua kama cha kifaranga. Akilivaa besi lile angeonekana miguu tu. Nilimuaga dereva vizuri, nikamshukuru kwa ndizi, halafu nikageukia ukutani.

Daktari alipoanza kuniruhusu kutembea hadi uani, nikaanza mambo yangu mwenyewe kwa siri. Nyuma ya chumba cha kufulia kulikuwa na nyasi na kamba za kuanikia mashuka, na nyuma ya mashuka yale hakuna aliyeniona. Nilijilaza chali, nikaingiza miguu chini ya gogo, nikajirusha kuinuka kama nilivyowaona askari wakifanya mazoezi. Nilijirusha kwa shingo, kwa mikono, kwa hasira. Ngozi ile ilipiga juu, ikapiga chini, pa, pa, kama nguo mbichi. Jasho likajaa kwenye mikunjo, mikunjo ikasuguana, na baada ya siku chache nilikuwa nimechubuka chini ya tumbo kiasi kwamba nilitembea kama mtu aliyepanda punda siku nzima. Daktari, mzungu mrefu aliyekuwa anakitafuta Kiswahili neno kwa neno kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, alinivua shati, akatazama, akatikisa kichwa. "Ugonjwa kwisha," alisema. "Sasa tumbo. Nyama ya ndani imelala. Ngozi imebaki. Wewe ni kama... kama mama aliyezaa." Akafurahi kwamba amelipata neno. "Ndiyo! Mama aliyezaa. Wewe nenda kwa Mama Faustina." Nilidhani Kiswahili kimempotea. Mama Faustina alikuwa mkunga mkuu wa wodi ya wazazi.

Baraza la wodi ile ninaliona hata sasa nikifumba macho. Lilikuwa refu, limeelekea mashariki, limesakafiwa kwa saruji iliyopakwa rangi nyekundu na kung'arishwa mpaka mtu akajiona kivuli. Asubuhi jua la Iringa liliingia pale likiwa bado na ubaridi ndani yake, na akina mama walikaa kwenye mikeka wamejifunika mablanketi, kila mmoja na kichanga chake, wanakunywa uji wa ulezi kwenye vikombe vya bati. Nilisimama kwenye ngazi. Mama Faustina akatoka ndani akijifuta mikono, mwanamke mpana, mweusi wa kung'aa, Mhehe mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. "Kamwene," akanisalimu, na nikaitikia kama nilivyosikia wenzangu wodini wakiitikia. Akanizunguka mara moja. "Vua shati."

"Mama, hapa?" nikasema. "Mbele ya akina mama?"

"Hawa wote wametoka kuzaa, mwanangu. Unafikiri kuna kitu kitawashtua?"

Nikavua. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mapacha, mmoja kila paja, akasema kwa mshangao wa kweli, "Jamani, la kwake limeshinda langu!" Baraza lote likalipuka. Nilitamani saruji ipasuke inimeze. Lakini Mama Mapacha, ndivyo tulivyokuwa tukimwita, akaendelea kunitazama bila dhihaka. "Kaka," akasema, "wewe ulikuwa na wangapi humo?" Na mimi, sijui neno lilitoka wapi, nikajibu, "Mmoja tu, dada, lakini alikula sana." Walicheka tena, safari hii pamoja na mimi, na nikakaa kwenye mkeka.

Mama Faustina hakunipa zoezi siku ile, wala siku zilizofuata. Kwanza alitaka yale machubuko yapone. Alinifundisha kujikausha kila kunjo kwa kitambaa laini, bila kusugua, kwa kugusagusa, kisha kupaka mafuta ya nyonyo kidogo sana, yale yale aliyowapaka watoto. Yalipokauka, akaleta kipande cha kanga kuukuu, laini kama jani changa la mgomba, Mama Mapacha ndiye aliyekitoa kwenye furushi lake. Kikatangulia mwilini. Juu yake akazungusha kitambaa kirefu cha marekani, ile pamba nzito isiyotiwa rangi, akianzia chini nyongani, akiinua ngozi juu kwa kiganja kama anavyobebwa mtoto aliyelala, akizungusha na kuvuta, akizungusha na kuvuta, hadi kwenye mbavu. "Pumua," akasema. Nikapumua. "Ndani kabisa." Nikapumua ndani kabisa. "Kikikuzuia kupumua, nimekaza mno. Kikikuachia kuning'inia, nimelegeza. Kitambaa hakikufanyii kazi, kinakushikia mzigo tu, wewe ufanye kazi." Nikasimama. Sijawahi kuwaeleza watu jinsi nilivyojisikia, maana inaonekana jambo dogo. Tangu nipate akili kitandani ndiyo mara ya kwanza mwili wangu ulikuja wote pamoja nilipouita. Nilitembea kwenye baraza kwenda na kurudi, hakuna kilichopiga, hakuna kilichosugua. Nikazunguka tena. "Ameanza kuringa," akasema mmoja wa akina mama.

Mazoezi yenyewe yalinikatisha tamaa, kwa jinsi yalivyokuwa madogo. Tulilala chali kwenye mikeka, magoti juu, nyayo chini, mimi nikiwa wa mwisho karibu na ukuta kwa ajili ya heshima. Mama Faustina akapita katikati yetu. "Toeni pumzi taratibu, kama mnapuliza moto wa kuni mbichi. Pumzi ikitoka, kitovu kirudi nyuma, kiende kuamkia mgongo. Kisalimie tu, msikisukume!" Basi. Hilo ndilo zoezi. Mimi niliyezoea kujirusha nyuma ya mashuka niliona huu ni mchezo wa watoto, mpaka nilipojaribu. Kitovu changu hakikwenda popote. Nilikiita kama mtu anayeita mbuzi asiye wake. Mama Faustina akachuchumaa, akaweka vidole juu ya kitambaa. "Umebana pumzi," akasema. "Uso umekuvimba kama unapandisha gari mlima. Mtu akibana pumzi, tumbo linasukumwa nje. Achia." Nikaachia. Nikapuliza zile kuni mbichi. Na mahali fulani chini ndani, mbali sana, kama mtu anayejigeuza usingizini chumba cha tatu, kitu kikajikaza. "Haya!" akasema Mama Faustina, akapiga kofi la furaha kwenye paja lake. "Yupo! Amelala tu, hajafa."

Siku kwa siku akaongeza. Kuinua kiuno juu na kukishusha pole pole, kama mtu anayelaza ushanga mmoja baada ya mwingine. Kupiga magoti na mikono kama mbuzi, kisha kunyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma bila kuyumba. Hapo akina mama walianguka ovyo, na mimi nikaanguka kuliko wote, mara moja juu ya bakuli la uji. Alikataza kabisa kuinuka kwa kujirusha. "Geuka ubavu kwanza, sukuma kwa mkono, ndipo ukae. Na tumbo likitokeza mwinuko katikati kama mgongo wa mjusi, umezidisha. Punguza. Kesho ipo." Mtu akisikia maumivu alipumzika na hakuchekwa. Mtu akichoka alinyonyesha. Mimi sikuwa na wa kumnyonyesha, kwa hiyo nilipochoka nilipewa mmoja wa wale mapacha nimshike, yule mkubwa, ambaye alikuwa na tabia ya kukojoa kila mara nilipomnyanyua. Mama yake alidai ananibariki.

Na pale mkekani nilisikia mazungumzo ambayo kijana wa kiume hapaswi kuyasikia, na ambayo kila kijana wa kiume angefaa kuyasikia. Juma la kwanza walikuwa wanapunguza sauti. Juma la pili walinisahau. Walizungumza juu ya waume wanaotaka chakula siku ya pili baada ya uzazi, juu ya mama wakwe, juu ya maumivu, juu ya aibu ya kuona mwili wako umekuwa nyumba iliyohamwa. Binti mmoja, mzazi wa mara ya kwanza, ambaye alikuwa hasemi kamwe, siku moja akasema akitazama dari, "Mimi naogopa akinitazama atanicheka." Kisha Mama Mapacha akasema, "Mtazame huyu kaka. Ngozi yake yote hiyo, na tumezoea, tunamwona yeye tu." Maneno yale yalikuwa yananihusu na hayakuwa yananihusu. Nimekuwa mume kwa miaka mingi tangu siku ile, na mke wangu alipozaa wa kwanza wetu, mimi ndiye niliyemfunga kitambaa. Wakunga walishangaa. Sikuwaeleza nilikojifunzia.

Ukaja ule msimu wa upepo, ambapo Iringa ukungu unalala kwenye mawe mpaka saa nne na maziwa ya kuganda yanauma meno. Tulifanya mazoezi na masweta. Akina mama walikuwa wanakuja na kuondoka, kila aliyeruhusiwa kwenda nyumbani tulimpigia vigelegele hadi getini, na mpya alipofika na kuniona, wa zamani walimwambia, "Usiogope, huyo naye ni mzazi." Siku ambayo Mama Mapacha aliondoka, mumewe alikuja na baiskeli na mkungu wa ndizi kunishukuru kwa kumshika mtoto, akanipa mkono, akanitazama tumboni, akataka kuuliza, akaacha. Jioni ile nilichukua tena chupa tupu. Nikaiweka mdomoni, kitovu kikaenda kuamkia mgongo, nikapuliza. Ililia mlio mzito, mrefu, mpaka mgonjwa mmoja akauliza kama meli imefika Iringa.

"Iringa haina bahari, mzee," nikamwambia, na nikacheka kicheko kizima, kile cha tumboni kabisa.

Nilirudi Mbeya kwa basi, kitambaa kiko ndani ya shati. Makambako nilikula mahindi ya kuchoma, Chimala nikanunua wali kwenye jani, na kila basi liliporuka shimoni nilishukuru marekani ile. Nyumbani hawakunijua. Bwana Salehe alinitazama mlangoni mwa jiko, akashika kichwa. "Mpishi mwembamba!" akalalamika. "Wageni watasema hata wapishi wenyewe hawakili chakula chetu!" Kisha akanikumbatia na kunikalisha mbele ya sahani, na mimi nikala nikashiba nikasukuma sahani ikiwa na nusu. Alitazama ile nusu kwa huzuni, halafu akaimalizia mwenyewe.

Jumamosi nilikwenda mazoezi ya bendi. Tulifanyia katika ghala nyuma ya kanisa, chumba cha matofali chenye harufu ya mahindi makavu na shaba iliyosuguliwa kwa jivu na ndimu. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima toka Iringa. Nilijua nitakachokiona: Lazaro kapotea ndani ya besi, sauti inakwaruza, Mwalimu Asajile amekata tamaa, wote wananigeukia mimi. Nilipofika mlangoni walikuwa katikati ya wimbo. Besi ilikuwa inakwenda chini ya wimbo ule kama mtu mzima anayetembea gizani kwenye nyumba yake mwenyewe, hagongi kitu. Kamwe mimi sikuwahi kuipuliza hivyo. Mimi nilikuwa natetemesha vioo. Lazaro alikuwa anaimba. Wimbo ukaisha. Lazaro akaniona, macho yakamtoka, akaruka na tarumbeta lile shingoni karibu aanguke. Akalivua. Akaninyooshea kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anavyopewa mkubwa. "Nilikuwa nakutunzia," akasema. "Chukua, Pipa."

Nililichukua. Nitasema ukweli, nililitaka. Nikalivaa, na pale mahali pa kuliegemeza hapakuwepo tena; lilinigonga nyongani. Nikapuliza, likalia vizuri, wenzangu wakashangilia. Lakini nilikuwa nimesikia nilichosikia pale mlangoni, na nilimwona Lazaro amesimama mikono mitupu, anatabasamu kwa mdomo tu. Nikalivua. "Hili limekwisha kuwa lako," nikamwambia. "Mimi lilinikubali kwa sababu ya nyama." Akakataa, nikakataa, tukawa kama watu wanaogombea kulipa bili, mpaka Mwalimu Asajile akapiga fimbo yake kwenye meza. Alikuwa amekaa ananitazama mbavu zikipanda na kushuka. Akaenda pembeni, akafungua sanduku, akatoa tarumbeta dogo, lile linaloongoza wimbo juu kabisa. Mwenyewe alikuwa amekwenda migodini Rhodesia, na tangu hapo wawili watatu walikuwa wamejaribu na kutoa sauti ya bata. "Hili," alisema, "halitaki mtu mkubwa. Linataka mtu mwenye tumbo." Nilidhani ananidhihaki. Nikaliweka mdomoni. Mara ya kwanza likatoa bata. Wakacheka. Nikafumba macho, nikaliona lile baraza jekundu, nikapuliza kuni mbichi, pole pole, bila kubana. Sauti ikapanda. Ikaendelea kupanda, nyembamba, safi, ikafika pale juu karibu na bati na ikakaa, haikuyumba, na mimi chini yake sikuwa nimechoka. Nilipofumbua macho, Lazaro alikuwa amekwisha kulivaa besi lake na anatafuta sauti ya kuweka chini ya yangu.

Kabla mwaka haujaisha, bendi yetu ilialikwa Iringa kwenye sikukuu ya nyimbo. Tulikwenda kwa lori, tarumbeta zimefungwa kwenye mablanketi, sisi tumekaa juu ya magunia ya mchele yaliyopakiwa Rujewa, tunaimba mpaka koo zikauma. Jumapili ile uwanja wa kanisa ulijaa watu wa kila kabila la nyanda zile. Mimi ndiye niliyeanza wimbo wa kwanza, peke yangu, kabla wengine hawajaingia. Nilisikia sauti yangu ikiruka juu ya vichwa, ikigonga mawe ya mlima na kurudi. Sikumbuki zaidi ya hapo, ila makofi, na Mwalimu Asajile anajipangusa uso kwa karatasi ya nyimbo. Tuliposhuka, nikaona gauni jeupe la ukunga linasukuma watu. Mama Faustina alikuwa ametoroka kazini kidogo kutusikiliza. Hakunipongeza. Alisema tu, "Njoo na hicho kidude. Nina watu kule hawakuweza kuja." Nikamfuata, na Lazaro akanifuata na besi mgongoni, maana hakutaka kukosa kuuona ule mkeka.

Ilikuwa saa tisa mchana, baraza lina kivuli. Akina mama walikuwa wapya wote, sikumjua hata mmoja. Mama Faustina akaingia ndani kwenye chumba cha kuzalia, akiniachia agizo nipige nyimbo za furaha. Nikapiga. Katikati ya ubeti wa pili, ukelele mkubwa ukatoka ndani. Nikashusha tarumbeta nikiwa nimetahayari, nikaona nimemsumbua mtu kwenye saa yake ngumu. Dirisha likafunguliwa kwa kishindo, kichwa cha Mama Faustina kikatokeza. "Nani kakwambia uache?" akafoka. "Mwenzio huku anapumulia wimbo wako! Piga!" Nikapiga. Nilimaliza wimbo ule nikaingia mwingine, Lazaro akakaa kwenye ngazi na kuingiza besi yake chini, laini, pumzi kwa pumzi, akina mama kwenye mikeka wakaanza kuitikia bila maneno. Tulipiga kila tulichokuwa tunakijua. Pumzi haikuniishia, zilizoisha ni nyimbo. Tukiwa kwenye ubeti wa mwisho wa wimbo wa mwisho, sauti nyingine ikapanda kutoka ndani, juu ya tarumbeta langu, haifuati wimbo wowote, ina hasira na afya. Vigelegele vikapasuka barazani. Mama Faustina akatokeza tena dirishani, jasho linamtiririka, meno yote nje. "Msichana!" akatangaza. Lazaro akanitazama, mimi nikamtazama. Hatukuwa na wimbo mwingine uliobaki, basi tukaanza upya ule wa kwanza, taratibu, ili mgeni naye ausikie tangu mwanzo.